Dundu la Kijani la Bibi Harlan

Kilichoibwa kilikuwa na ukubwa wa limau, na kwa siku ishirini na mbili hakuna aliyejua kwamba kimeibwa.

Sababu ni rahisi. Ndani ya kabati la kioo la makumbusho madogo ya Harlan, mjini Carrollton, Texas, dundu la jiwe la kijani lilikuwa bado limelala juu ya kitambaa chake cheusi, miguu imekunjwa, mgongo unang'aa. Watoto wa shule walikuja wakalikodolea macho. Wazee wa kanisani walikuja wakalipiga picha. Kisha, Jumatatu ya mwisho ya Septemba 2019, akaja profesa mmoja kutoka Houston, mtaalamu wa hirizi za Misri ya kale, akaomba alishike. Akalipitishia ukucha tumboni, na ukucha ukaacha alama.

Profesa aliketi bila kukaribishwa, akaomba maji.

Dundu la kweli, alieleza alipotulia, lilichongwa kwa jiwe laini zaidi ya miaka elfu tatu iliyopita, likapakwa rangi ya kioo, likachomwa tanuruni mpaka likawa gumu. Ukucha haulifanyi kitu. Wamisri walimtukuza mdudu huyu mweusi anayevingirisha mavi ya ng'ombe, kwa sababu waliamini hata jua huvingirishwa hivyo hivyo kila asubuhi. Walimchonga kwenye mihuri, pete na mikufu. Yale makubwa kama hili waliyaweka juu ya kifua cha maiti, yakiwa na maneno tumboni ya kuusihi moyo usije ukamshuhudia vibaya mwenyewe siku ya hukumu.

Mpelelezi wa polisi Loice Kemunto aliandika yote hayo katika daftari lake, halafu akapigia mstari neno moja tu: ufunguo.

Ufunguo wa kabati ulikuwa kwa watu wawili. Wa kwanza alikuwa mkurugenzi wa makumbusho, ambaye Septemba yote alikuwa nyumbani kwake akiuguza goti lililopasuliwa. Wa pili alikuwa mlinzi, Florent Mugisho, Mkongo wa Bukavu, mwenye umri wa miaka arobaini na moja na kesi ya ukimbizi ambayo haijakwisha.

Loice alikuwa Mkenya pekee katika kikosi chake cha upelelezi, na tuseme ukweli, hilo lilikuwa limempanda kichwani kidogo. Alipenda kesi zake zifungwe upesi, wakubwa waone. Alipomkuta Florent kwenye chumba cha mahojiano, amejikunyata, hajui aanzie wapi kwa Kiingereza chake cha kubahatisha, alivuta kiti na kumsalimia kwa Kiswahili. Mtu yule akatabasamu kwa mara ya kwanza siku ile. Loice alimsomea haki zake haraka haraka, kama mtu anayesoma masharti ya simu mpya. Alipofika kwenye wakili, Florent alitikisa kichwa.

"Niko na dada wa kwetu hapa. Avocat ya nini?"

Akatia sahihi.

"Uliwahi kulishika dundu ukiwa peke yako?" Loice aliuliza.

"Ndiyo, dada. Mara moya. Nilikuwa nasafisha kioo."

"Ulipiga picha?"

"Nilipiga, za kutumia mutoto wangu kule Bukavu. Anapendaka kuchora."

"Picha ngapi?"

"Nyingi."

"Kwa nini nyingi?"

"Ni kizuri, dada. Wewe hauone vile ni kizuri?"

Alitaka kuongeza habari za siku ya sherehe hapo makumbusho. Loice alimwambia ajibu anachoulizwa. Saa moja baadaye Florent alikuwa mahabusu, na mkuu wa kikosi alimpongeza Loice mbele ya watu kwa kesi iliyochukua siku mbili tu.

Wakili wa utetezi aliyepewa Florent na serikali alimpigia simu Loice wiki iliyofuata, akamwambia jambo ambalo Loice alilijua tayari lakini alikuwa hajalifikiria. Kesi ya ukimbizi ya mtu huyu ilikuwa inasikilizwa Jumanne ya tarehe kumi na tano. Akienda mbele ya jaji wa uhamiaji na shtaka la wizi shingoni, ni kama ameshapandishwa ndege. Na kule Bukavu, wakili alisema, kuna watu waliomuua kaka yake ambao wanamsubiri yeye.

"Ana hatia au hana?" wakili alimuuliza.

Loice alijibu kwamba ushahidi unajieleza. Akakata simu.

Siku ya Alhamisi, siku tano kabla ya tarehe ile, mwendesha mashtaka aliomba maelezo kamili ya lile dundu la bandia kwa ajili ya jalada. Loice alikuwa hajawahi kuliangalia kwa macho yake mwenyewe. Alisoma ripoti ya maabara, akaona imeandikwa jiwe laini, rangi ya madukani, hakuna alama za vidole, akaridhika. Sasa alivaa glavu, akafungua mfuko wa ushahidi, akaliweka dundu chini ya taa.

Alilitazama kwa dakika moja nzima. Kisha akavua glavu ya mkono wa kulia, jambo ambalo askari yeyote angekemewa kwalo, akaligusa kwa kidole gumba.

Alilijua. Alizaliwa Tabaka, kule Kisii, mahali ambapo kila nyumba ina mlima wa vumbi jeupe uani na kila mtoto wa kike amewahi kukaa mbele ya beseni la maji akisugua tembo, kiboko na visahani kwa msasa mpaka vidole vinakunjamana. Wanaume huchonga, wanawake husugua. Halafu jiwe likikauka hupakwa rangi, na rangi ikishakauka ndipo ncha ya chuma inapopitishwa juu yake kukwaruza mapambo, nayo mistari hutoka myeupe kwa sababu ndani jiwe ni jeupe. Watalii huipenda sana hiyo mistari.

Mmisri alifanya kinyume. Yeye alichora kwanza, akapaka rangi baadaye, kwa hiyo kwenye dundu la kweli kijani kimejaa mpaka ndani ya kila mstari. Loice aliweka picha ya dundu la kweli kutoka makumbusho kando ya lile la bandia. Umbo lilikuwa sawa, ukubwa sawa, hata kijani kilikaribiana. Ila tumboni, maneno yote ya kuusihi moyo yalikuwa meupe pe!

Fundi aliyechonga hakukosea kwa uzembe. Alifanya kazi yake vizuri, kama alivyofundishwa kwao, na Loice alifundishwa huko huko. Florent Mugisho wa Bukavu hangeijua kazi hii hata kwa ndoto.

Aibu ilimpanda mpaka masikioni. Alifungua kompyuta, akatafuta kanda ya mahojiano. Safari hii alisikiliza kama mtu anayesikiliza kesi yake mwenyewe. Dakika ya thelathini na moja, Florent alisema: "Ile siku ya sherehe kulikuwaka infirmière moya, mama wa Kenya, alisukuma kale kabibi ka chaise roulante. Njo yeye alishikiaka bibi dundu."

Na sauti ya Loice, kavu, ikamkata: "Kaka, jibu ninachokuuliza."

Alizima kanda. Muuguzi Mkenya, msukuma kiti cha magurudumu, ndiye aliyemshikia bibi yule dundu. Akairudia orodha ya wageni wa sherehe, ile ambayo alikuwa ameipitia na kuiweka kando. Sherehe ilikuwa ya kumkumbuka marehemu Bibi Harlan, mwenye mkusanyiko, aliyefariki nyumbani kwake Pearland mwezi wa Julai. Familia iliruhusiwa kushika vitu vyake, mkono kwa mkono, juu ya kitambaa. Majina yalikuwa kumi na moja, yote ya ukoo wa Harlan. Muuguzi hakuandikwa. Nani humwandika msukuma kiti? Loice alitaka kuwakasirikia, lakini hata yeye alikuwa ameambiwa waziwazi na hakuandika.

Kesho yake asubuhi aliendesha gari kwenda kusini, saa nne barabarani, akiwa na mwenzake Sajini Pruitt aliyelala njia nzima. Afadhali. Texas nzima Loice alimjua mchongaji mmoja tu wa Tabaka: Mzee Ombati wa Stafford, aliyeletwa na wanawe akaambiwa apumzike, naye akageuza gereji yao kuwa karakana.

Walimkuta amevaa aproni, nyusi zimejaa vumbi jeupe. Alifurahi kumwona Loice, akamuuliza habari za nyumbani, akamlaumu kwa kupotea kanisani. Loice alimwonyesha picha ya dundu.

"Hii ni kazi yako, mzee?"

"Ni yangu. Kuna shida?"

"Uliichonga kwa kuangalia nini?"

"Picha kwenye simu. Upande wa juu, wa chini, wa kando. Yale maandishi yalinitesa, binti yangu. Sijui yanasema nini, lakini sikuacha hata moja."

"Nani alikuagiza?"

Mzee alishangaa. "Si ni Lydiah? Lydiah wako. Alisema ni zawadi ya familia ya mgonjwa wake. Alikaa hapo kwenye ndoo akasugua yeye mwenyewe kwa msasa, kama siku za zamani. Hakukuambia?"

Pruitt, ambaye hakujua neno la Kiswahili, alimwona mwenzake anaacha kuandika.

Lydiah Moraa. Januari 2006, Loice aliposhuka Houston na sweta moja na namba ya simu kwenye karatasi, Lydiah ndiye aliyekuja kumpokea. Alimpa kitanda chake, akalala kwenye zulia miezi mitano. Alimfundisha kuendesha gari katika maegesho ya kanisa. Siku Loice alipoapishwa kuwa polisi, Lydiah ndiye aliyembandika beji kifuani, akalia kuliko mama mzazi angelia. Loice angeweza kumwachia Pruitt kazi iliyobaki. Alilifikiria hilo kutoka Stafford mpaka Pearland, kwa Lydiah, akaona kwamba mtu aliyemfunga Florent kwa mdomo wake hana haki ya kutuma mwingine.

Lydiah alifungua mlango mwenyewe, bado amevaa sare ya kazi ya buluu, macho mekundu ya mtu aliyetoka kwenye zamu. Alitazama sura ya Loice, akamtazama Pruitt, akawatazama askari wawili wa mji waliosimama kwenye nyasi na hati ya upekuzi.

"Nimeweka chai," alisema. "Ingieni."

Hakuna aliyekunywa. Loice aliwasha kinasa sauti, akasoma haki zile neno kwa neno, kwa Kiingereza kisha kwa Kiswahili, polepole, akisimama kila mahali.

"Dada Lydiah, usiseme kitu kabla hujaita wakili. Nakuambia kama polisi, na nakuambia kama mdogo wako."

"Nimenyamaza tangu July, Loice. Wacha niongee."

"Una hakika?"

"Niko sure."

Loice alimsogezea fomu. Lydiah aliisoma yote, akatia sahihi.

"Dundu la kweli liko wapi?"

Lydiah aliingiza mkono ndani ya kola ya sare, akavuta kamba nyembamba. Mwishoni mwa kamba kulikuwa na kijifuko cha kitambaa cha kufungia bandeji, kimeshonwa kwa mkono. Alikiweka mezani. Pruitt alikifungua kwa glavu, na lile jiwe likatokea, kijani kimejaa mpaka ndani ya mistari, likiwa bado na joto la mwili.

"Ulibadilishaje?"

"Mikono ya dadake Bibi Harlan inatetemeka. Walimpa alishike, nikamshikia. Alikuwa na blanketi miguuni. Ile yangu ya bandia ilikuwa chini ya blanketi." Alitazama mikono yake. "Hata hakuna mtu aliniangalia."

"Ulitaka kuliuza?"

"Kuuza? Wewe unanijua."

"Nilidhani nakujua. Kwa nini, dada?"

Lydiah alisogeza kando kikombe cha chai. Askari mmoja nje alikohoa.

"Nilikuwa nafanya double, zamu mbili kwa siku," Lydiah alianza. "Kwa Bibi Harlan natoka saa tisa. Hospitali natakiwa saa tisa na nusu, na barabara ya 288 unaijua vile inajam. Basi nikawa natoka saa nane na nusu. Msichana wa kunipokea alikuwa anafika saa tisa, saa zingine tisa na robo. Nilijiambia ni dakika thelathini tu. Namwekea maji, namwekea kengele, namwambia bibi usisimame. Tulifanya hivyo miezi minne."

"Na siku ile?"

"Alisimama."

Loice aliandika neno hilo daftarini.

"Daktari alisema kwa kuanguka kule angepona kama mtu angekuwa karibu. Aliisema tu hivyo, hakujua anamwambia nani. Kwenye kitabu cha zamu nilikuwa nimeshaandika saa tisa kamili kabla hata sijatoka. Watoto wake walinikumbatia kwenye mazishi, Loice. Walinishukuru mbele ya kanisa lote. Walisema mama yao hakuwahi kuwa peke yake."

Alilielekezea kidole lile jiwe mezani.

"Aliniambia kuhusu hilo jiwe mara nyingi. Lilikuwa karibu na kitanda chake miaka yote, hata nililipiga picha, kabla watoto hawajalipeleka museum. Alisema moyo unaona kila kitu unachofanya, na siku ya mwisho unaulizwa, unasema yote. Hilo jiwe linauambia nyamaza."

"Nawe ukaamini? Wewe shemasi?"

"Sikuamini. Nilikuwa nimechoka. Silali, nikilala naisikia kengele. Waliponi-invite kule Carrollton nikasema, Mungu nisamehe, wacha nijaribu hata hii."

"Ulinyamaza, huo moyo?"

"Hata siku moja."

Loice alifunga daftari. Lilibaki swali moja, na aliliogopa kuliko yote.

"Ulijua kuna mtu amefungwa kwa ajili yako?"

"Nilisoma kwa simu."

"Ana kesi ya ukimbizi Jumanne. Wakimrudisha watamuua. Hukuona kwamba unapaswa kusema?"

Lydiah alimtazama kwa mara ya kwanza tangu waketi. Machozi yalikuwa yanateremka, lakini uso wenyewe ulikuwa umetulia, uso wa mtu aliyeshusha mzigo.

"Niliona jina lako kwenye hiyo habari. Detective Loice Kemunto. Nikajiambia, kama ni Loice amemshika, basi huyo mtu ana makosa yake mengine. Loice wangu hawezi kufunga mtu bure. Hiyo ndiyo ilinisaidia kula."

Loice alizima kinasa sauti. Pruitt, aliyeona tu kwamba mazungumzo yamekwisha, ndiye aliyetoa pingu. Lydiah alinyoosha mikono bila kuambiwa. Alipopita mlangoni alimkumbusha Loice azime jiko.

Simu kwa mwendesha mashtaka ilipigwa pale pale uani. Jioni ile Loice aliandika taarifa mbili. Ya kwanza ilikuwa ya kumshtaki mwanamke aliyempa kitanda. Ya pili ilikwenda kwa mkuu wake, na ndani yake alieleza, bila kujipunguzia, kwamba mtuhumiwa wa kwanza alimtaja muuguzi siku ya kwanza kabisa, dakika ya thelathini na moja, na kwamba mpelelezi alimkatiza.

Jumamosi asubuhi alisimama kwenye lango la mahabusu na barua ya mwendesha mashtaka kwa jaji wa uhamiaji, yenye muhuri, inayosema kwamba Florent Mugisho hana kosa lolote. Florent alitoka amebeba vitu vyake katika mfuko wa plastiki. Alikuwa amekonda. Siku kumi na moja si mchezo.

"Kaka Florent," Loice alisema, "nilikukosea. Uliniambia ukweli nikakufungia nao. Naomba unisamehe."

Florent alichukua barua. Aliisoma mara mbili, kidole kikifuata mstari, akaikunja vizuri na kuitia mfukoni mwa shati. Kisha akamuuliza kwa Kiingereza, polepole, akilitafuta kila neno, kama kuna kitu kingine cha kutia sahihi. Na kama kipo, yeye atamsubiri kwanza wakili wake.

Loice alimjibu kwa Kiingereza hicho hicho kwamba hakuna, na kwamba yuko huru kwenda.